Ukienda Gede, Fuata Maji

Wengi hupitia magofu ya Gede, Pwani ya Kenya, wakiwa njiani kwenda Watamu kuogelea. Hushuka garini, wakapiga picha mbele ya lango la jumba la mfalme, wakawarushia kima ndizi, kisha safari ikaendelea. Naomba wewe usifanye hivyo. Ule ni mji mzima uliolala msituni tangu wenyewe walipouhama karne ya 17, na hauonekani kwa haraka. Utengee nusu siku.

Kufika si kazi. Ukiwa Malindi panda matatu za Mombasa, ushuke njia panda ya Gede, mwendo wa kilomita 16 hivi, halafu bodaboda au tuktuk itakusogeza hadi langoni. Fika asubuhi lango linapofunguliwa, kabla jua halijawa kali na kabla makundi kutoka hotelini hayajaingia. Vaa viatu vya kufunika mguu, maana mawe ya matumbawe yanakata na mizizi imetambaa njiani kote. Beba maji ya kunywa na dawa ya mbu. Viingilio hubadilika, kwa hiyo uliza kabla.

Mwongozaji mchukue, anayajua mengi. Lakini akishamaliza, mshukuru na urudi ndani peke yako, na safari hiyo ya pili uifanye kwa kufuata maji.

Anzia Msikiti Mkuu. Tazama kisima chake na mahali pa kutilia udhu, kisha ingia nyumba moja baada ya nyingine ukitafuta vyoo, mahali pa kuogea na mashimo ya kumwagia maji machafu. Hapo ndipo utakapowaona watu wa Gede walivyokuwa: waungwana waliojenga kwa mawe na chokaa, wakatenga mahali pa usafi ndani ya nyumba zao karne nyingi kabla ya mabomba. Mimi huwa nakaa sana kwenye nyua za zile nyumba ndogo kuliko kwenye jumba la mfalme. Jumba linakuonyesha ukubwa. Nyumba zinakuonyesha maisha.

Majina ya nyumba nayo yana habari. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, alizipa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, ndiyo maana kuna nyumba ya mkasi, ya kauri na ya sarafu za China. Mji haupo ufukweni, lakini bidhaa za ng'ambo ya bahari zilifika hadi vyumbani. Na ajabu ni kwamba Wareno, walioishi Malindi karibu miaka mia moja, hawakuacha andiko linalotaja mji huu.

Kisha rudi kwenye kisima cha Msikiti Mkuu. Wachimbaji waligundua kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yanashuka. Wataalamu hutaja sababu nyingine pia za watu kuhama: uvamizi wa Wazimba, wapiganaji kutoka kusini waliopita Pwani mwaka 1589, na shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini. Mimi sina ugomvi na hayo. Ila ukisimama ukingoni mwa kile kisima ukachungulia kina chake, utaelewa jinsi mji wa mawe unavyoweza kushindwa bila hata mkuki mmoja kurushwa.

Kuna adabu za mahali. Msikiti ni msikiti hata ukikosa paa, kwa hiyo usikalie kibla ili upigwe picha. Makaburi usiyapande. Moja lina tarehe iliyochorwa kwenye lipu, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na kaburi la nguzo halipo mbali. Wenyeji wa Kigiriama wanapaheshimu kama mahali penye wazee wa kale, na sauti ya muziki kwenye simu yako haina nafasi pale.

Usiwalishe kima chochote. Najua watoto wanafurahi, lakini kima aliyezoea ndizi za wageni hujifunza kunyang'anya, na anayeng'atwa kesho ni mtoto mwingine.

Ukitembea polepole, sikiliza majani makavu. Huenda ukasikia sengi mwenye makalio ya dhahabu akichakura kutafuta wadudu. Mnyama huyu mwenye pua ndefu karibu hapatikani popote duniani ila katika msitu wa Arabuko-Sokoke na vichaka vya Pwani vilivyo jirani, na akisikia kishindo tu ametoweka. Simama, nyamaza, subiri. Kumwona kunalipa kuliko picha kumi za langoni.

Kabla ya kuondoka, ingia Kipepeo, mradi ulio papo hapo penye magofu. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya ng'ambo, wapate riziki bila kuukata msitu. Lipia matembezi ya banda la vipepeo, na kama kuna asali ya kuuza, nunua chupa. Na ikiwa bado una nguvu, lango la Arabuko-Sokoke liko karibu kwenye barabara hiyo ya Mombasa. Huko nenda na mwongozaji wa ndege, alfajiri ya kesho yake, si mchana.