Kwa nini kompyuta ya NCLEX hufunga katika swali la 85, na namna ya kujiandaa kurudia

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi mwenye diploma, nimesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na ninafanya kazi katika wodi ya upasuaji ya hospitali ya kaunti. Nilifanya mtihani wa NCLEX-RN ili nipate leseni ya Marekani. Kompyuta ilifunga nilipomaliza swali la 85, na matokeo yalipotoka nikawa nimeanguka. Mwenzangu alifika swali la 150 akapita, ingawa tulipokuwa tukisoma pamoja mimi ndiye niliyekuwa nikimwelekeza. Je, kompyuta huamua vipi? Na nijiandae namna gani kurudia, ikiwa vitabu nimevimaliza na maswali ya mazoezi nimeyafanya hadi nikachoka? – Muuguzi, Kisumu

JIBU: Salamu zako nimezipokea, dada, na pole kwa matokeo hayo. Najua kwamba ada ya dola 200 na gharama za kuhakikiwa vyeti si fedha ndogo kwa anayeishi kwa mshahara wa kaunti. Ndiyo maana sitaki ulipe mara ya pili kabla hujaelewa kilichotokea mara ya kwanza.

NCLEX haihesabu umepata maswali mangapi. Kila unapojibu, kompyuta hukadiria upya uwezo wako, kisha hukuchagulia swali ambalo mtu wa uwezo huo ana takriban nusu ya nafasi ya kulipata. Ukipata, linalofuata huwa gumu zaidi kidogo, na ukikosa, huwa jepesi zaidi kidogo. Kwa hiyo karibu kila mtahiniwa, awe hodari au dhaifu, hutoka chumbani akiamini kwamba mtihani umemshinda. Hisia hiyo haina maana yoyote, wala hakuna faida ya kukaa unapima kama swali lililo mbele yako ni rahisi kuliko lililopita. Zaidi ya hayo, maswali 15 miongoni mwa yale utakayojibu yanajaribiwa tu kwa ajili ya mitihani ijayo na hayahesabiwi, na hakuna njia ya kuyatambua.

Tangu Aprili 2023, mtahiniwa hujibu maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, katika muda wa saa 5 unaojumuisha mapumziko. Baada ya swali la 85 kompyuta huanza kujiuliza kama ina uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezo wako uko juu ya mstari wa kufaulu. Ikiwa inao, hufunga na umepita. Ikiwa ina uhakika huohuo kwamba uko chini ya mstari, hufunga na umeanguka. Isipokuwa na uhakika upande wowote, huendelea kuuliza. Atakayefikishwa 150 ni yule ambaye makadirio yake yameuzunguka mstari muda wote, na hapo uamuzi hufanywa kwa kuangalia tu kama makadirio ya mwisho yameangukia juu au chini. Mwenzako, basi, alipita kwa kuukaribia mstari sana. Wewe kufungiwa katika 85 kuna maana kwamba majibu yako ya siku ile yalikuwa chini yake waziwazi. Nakueleza hivyo bila kupunguza makali kwa sababu wengi walio katika hali yako hurudi mtihanini haraka wakidhani walikosa bahati, na bahati haina nafasi kubwa katika mfumo huu.

Kitu cha kwanza cha kukishika mkononi ni ripoti ya matokeo ambayo hupewa walioanguka peke yao. Kwa kila eneo la mtihani, ripoti hiyo inaonyesha kama ulikuwa juu ya kiwango cha kufaulu, karibu nacho, au chini yake. Usiisome kwa uchungu. Isome kama unavyosoma chati ya mgonjwa. Ukiona uko chini katika dawa na tiba za mishipani, tatizo lako ni la maarifa na linatibika kwa kusoma. Ukiona uko chini katika usimamizi wa huduma na katika kupunguza hatari, huku magonjwa yenyewe unayajua, basi tatizo liko katika namna unavyoamua, na vitabu vingine vitatu havitalitibu. Nikitazama maelezo yako, ya kwamba ulikuwa ukiwaelekeza wenzako na maswali umefanya mengi, nashuku hili la pili. Ripoti ndiyo itakayothibitisha.

Chukua swali la aina hii. Unaingia zamu na kukabidhiwa wagonjwa wanne. Wa kwanza ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na oksijeni ya damu yake inasoma asilimia 90. Wa pili aliondolewa tezi ya thairoidi saa 8 zilizopita na anasema anahisi ganzi na michomo kuzunguka midomo. Wa tatu ana kisukari, na sukari yake ni 250 mg/dL. Wa nne yuko siku ya 2 baada ya upasuaji wa tumbo, anagumia kwa maumivu anayoyapa alama 7 kati ya 10. Utamwona nani kwanza?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji huvutwa na wa nne, kwa kuwa sauti yake inasikika wodi nzima. Aliyekariri kwamba njia ya hewa hutangulia yote humkimbilia wa kwanza. Jibu ni wa pili. Upasuaji wa thairoidi unaweza kujeruhi au kuondoa tezi ndogo za parathairoidi zilizo nyuma yake, kalsiamu ya damu ikashuka, na ganzi ya midomo ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Kinachoweza kufuata ni misuli kukakamaa, pamoja na ile ya koo la sauti, na hapo njia ya hewa hufunga. Kwa mgonjwa wa kwanza, asilimia 90 iko ndani ya lengo lake la kati ya 88 na 92. Sukari ya wa tatu ni takriban 13.9 mmol/L, ambayo ni ya juu lakini peke yake si dharura. Maumivu ya wa nne yanastahili dawa bila kucheleweshwa, lakini yalitarajiwa.

Tazama kilichofanya kazi hapo. Hatukuuliza nani anaumwa zaidi. Tuliuliza lipi halikutarajiwa kwa hali ya mgonjwa huyu, na lipi likiachwa kwa nusu saa haliwezi kurudishwa. Kwa hiyo, badala ya kufanya maswali 100 kwa siku na kuhesabu alama, fanya 25, na kwa kila moja andika kwa mkono wako sentensi moja ya kueleza kwa nini kila chaguo uliloliacha umeliacha. Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, hata kama jibu ulilichagua sawa, hesabu kwamba hukulijua. Ni kazi ya polepole na inachosha, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayombadilisha mtahiniwa mzoefu kuliko benki nyingine yoyote ya maswali utakayoinunua.

Uzoefu wako, ambao wodini ni hazina, una mahali unapokuponza. Hospitali ya NCLEX haikosi kitu: oksijeni ipo, dawa ipo, kitanda kipo, wauguzi wanatosha. Wewe umezoea kuchagua kinachowezekana, nao watunzi wa mtihani wanataka kilicho bora. Vilevile, jibu la kumpigia daktari huwa sahihi tu pale ambapo hakuna hatua ya usalama ambayo muuguzi anapaswa kuitanguliza. Mgonjwa akianza kutetemeka na kulalamikia mgongo dakika chache baada ya kuwekewa damu, hatua ya kwanza ni kuisimamisha damu. Kisha unadumisha njia ya mshipa kwa maji ya chumvi ya kawaida kupitia mrija mpya, ndipo unapiga simu.

Suala la kukabidhi kazi nalo hutuangusha sana sisi wa huku, kwa kuwa muundo wa wafanyakazi ni tofauti. Kwetu mgonjwa huogeshwa na kulishwa na ndugu zake au na wanafunzi. Marekani kuna msaidizi wa uuguzi, kuna muuguzi wa vitendo mwenye leseni ya ngazi ya chini, na kuna wewe, muuguzi uliyesajiliwa. Tathmini ya mwanzo, mafunzo ya mwanzo kwa mgonjwa, na uamuzi juu ya mgonjwa ambaye hali yake inabadilika, hayo hubaki kwako. Muuguzi wa vitendo hupewa wagonjwa walio imara, wenye mwelekeo unaotabirika. Msaidizi hupewa kazi za kawaida, kama kuogesha, kulisha asiye na tatizo la kumeza, kumtembeza aliye imara na kupima joto.

Majina ya dawa na vipimo visikupotezee alama za bure. Paracetamol utaikuta kama acetaminophen, salbutamol kama albuterol, adrenaline kama epinephrine, na pethidine kama meperidine. Sukari ya mmol/L izidishe kwa 18 upate mg/dL. Uzito wa pauni ugawanye kwa 2.2 upate kilo. Mtoto wa pauni 44, kwa mfano, ana kilo 20. Akiandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, dozi ni miligramu 300. Usikimbilie kugawanya kwa sharubati yetu ya miligramu 120 kwa mililita 5 uliyoizoea, kwa sababu ya Marekani kwa kawaida ni 160 kwa mililita 5, na jibu huwa mililita 9.4. Soma chupa iliyoandikwa ndani ya swali.

Kuhusu maswali ya kuchagua majibu yote yanayofaa, utaratibu wa zamani wa kupata yote au kukosa yote ulibadilika mwaka 2023. Sasa kila chaguo sahihi hukupa alama moja, na kila chaguo lisilo sahihi hukunyang'anya moja, ingawa swali haliwezi kushuka chini ya sifuri. Anayeweka alama kila mahali kwa kubahatisha hujifutia alama alizostahili, kwa hiyo chagua lile tu ambalo ungeweza kulitetea. Mtahiniwa hukutana pia na visa vitatu vya wagonjwa, kila kimoja kikiwa na maswali 6 yanayofuatana kutoka kutambua dalili, kuzichambua, kupanga kipi kinatisha zaidi, kutafuta suluhisho, kutenda, hadi kutathmini matokeo. Soma maandishi ya muuguzi, vipimo vya maabara na maagizo ya daktari vyote kabla ya kugusa swali la kwanza la kisa.

Kurudi nyuma hakuruhusiwi, na huwezi kuruka swali. Saa 5 kwa maswali 150 ni dakika 2 kwa kila moja, muda unaotosha kufikiri. Ukichoka, pumzika kidogo. Hilo ni bora kuliko kubahatisha mfululizo, kwa kuwa makosa yanayofuatana hushusha makadirio yako, na kuyapandisha tena kunahitaji majibu mengi sahihi.

Utalazimika kusubiri siku zisizopungua 45 kabla ya kurudia, na kujiandikisha na kulipa upya. Kwa anayefanya zamu za usiku, ningeshauri uchukue muda zaidi ya huo. Usisome asubuhi unapotoka kazini. Lala kwanza, ufanye maswali yako 25 alasiri, na siku za mapumziko uziweke kwa yale maeneo ambayo ripoti imeyaonyesha kuwa chini. Fanya majaribio mawili ya muda kamili, ukikaa bila simu, ili mwili uzoee kukaa mbele ya kompyuta. Weka miadi ya mtihani kwa saa ambayo kwa kawaida akili yako iko macho, na uombe likizo ili usiingie chumbani ukiwa umetoka zamu usiku huohuo. Kabla ya kulipa, linganisha jina lililo kwenye fomu ya usajili na lile la pasipoti herufi kwa herufi, kwa kuwa yasipofanana unaweza kuzuiwa mlangoni na ada isirudishwe.