Usilipe darasa la kuamsha ubongo, mpeleke mtoto akapimwe masikio

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu Ilham ana miaka 4 na miezi 3, anasoma chekechea hapa Tabata. Mwalimu wake analalamika kwamba hafuati maelekezo, hakai kwenye duara na wenzake, anacheza peke yake na akinyang'anywa kitu anapiga. Mwezi uliopita walikuja watu shuleni wakapima watoto alama za vidole kwa mashine. Wametuambia Ilham ni mtoto wa "ubongo wa kulia", ndiyo maana hasikilizi, na anahitaji wiki 8 za darasa la kuamsha ubongo kwa shilingi 380,000. Nyumbani ni mchangamfu tu, ila TV anaweka sauti kubwa, mafua hayamwishi, na usiku anakoroma. Baba yake anasema tulipe. Nifanyeje? (Mama Ilham)

JIBU: Marahaba, Mama Ilham. Msilipe. Kama mmeshatanguliza nusu, hiyo nusu iliyobaki isitoke, maana mtaihitaji kwenda kwa daktari wa masikio. Nako nitafika.

Hiyo karatasi mliyopewa naifahamu bila kuiona. Ina ubongo uliopasuliwa kati kama chungwa, upande mmoja umepakwa bluu, mwingine nyekundu, na chini yake kuna asilimia zenye nukta: kushoto 43.17, kulia 56.83. Wazazi huniwekea mezani karatasi za namna hiyo mara kwa mara, na kinachoniudhi kuliko vyote ni zile nukta. Hakuna kipimo kinachoweza kutoa tarakimu kama hizo kuhusu ubongo wa mtoto, hata MRI, ile mashine kubwa ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili. Zimewekwa pale ili mzazi aone ni sayansi, afungue pochi.

Habari ya kushoto na kulia ina chanzo cha kweli, na ndicho kinachoupa uongo huu nguvu. Miaka ya 1960 huko California, mtafiti wa ubongo Roger Sperry na wenzake waliwachunguza wagonjwa wachache wa kifafa kikali ambao walikuwa wamekatwa daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Wakaona kwamba kila nusu ikitengwa na mwenzake ina mambo inayoyamudu zaidi. Lugha, kwa mfano, kwa watu wengi hutegemea zaidi upande wa kushoto. Sperry alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981, na alistahili. Lakini wale walikuwa watu waliokatwa! Ilham hajakatwa. Ana daraja lake zima, lenye nyuzi zipatazo milioni 200, na nusu zake mbili zinaongea mchana kutwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wa miaka 7 hadi 29, wakitafuta hao watu wa kushoto na watu wa kulia. Hawakuwapata. Kazi fulani fulani huegemea upande mmoja, mtu mwenyewe haegemei.

Sasa vidole. Michirizi ya vidole hujichora mtoto akiwa tumboni, na kufikia kama katikati ya mimba imeshatulia, haibadiliki tena. Ubongo kwa upande wake mtoto huzaliwa nao ukiwa kama robo tu ya ukubwa wa ule wa mtu mzima, na akifika miaka mitano umeshakaribia asilimia 90. Yote yaliyotokea hapo katikati, kubebwa, kuimbiwa, kugombana na binamu, kumsikiliza bibi, kidole hakina habari nayo. Wauzaji huniambia, "Mbona hata hospitali huangalia viganja?" Ni kweli, madaktari walishaona zamani kwamba watoto wenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo, mara nyingi huwa na michirizi ya tofauti. Kutoka hapo kurukia kusema huyu atakuwa mhandisi na yule hasikilizi kwa sababu ni wa kulia, ni sawa na kutaka kujua chumvi ya mchuzi kwa kutazama sufuria kwa nje.

Wala simlaumu sana mwalimu. Utafiti wa mwaka 2012 kwa walimu wa Uingereza na Uholanzi ulikuta zaidi ya 9 kati ya 10 wanaamini kwamba mtoto husoma vizuri zaidi akifundishwa kwa "mtindo" wake, wa kuona, wa kusikia au wa kushika, jambo ambalo kila likipimwa vizuri halisimami. Hao ni walimu waliosomea ualimu. Ninaowalaumu ni wanaojua wanachofanya.

Elimu ya ubongo ina neno la maana la kuiambia shule, ila halina mashine ya kuuza. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9, wakawaletea watu wanaozungumza Kichina cha Mandarin. Vikao 12 vya kusomewa vitabu na kuchezeshwa, basi. Watoto wakaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo kwenye Kiingereza hazipo. Kundi jingine likapewa watu wale wale na vitabu vile vile, lakini kwenye televisheni. Halikuambulia kitu. Mtoto anajifunza kwa mtu anayemtazama na kumjibu. Ndiyo maana nashangaa shule zinapoweka masomo upande huu na urafiki upande ule, kana kwamba urafiki ni wa kusubiri mapumziko.

Katazame watoto wakicheza rede. Wawili wanarusha mpira wa nailoni, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Yule wa katikati anakumbuka sheria, anasoma macho ya mrushaji, anazuia mkono usikimbilie mchanga kabla mpira haujapita, na akipigwa anatoka bila kulia. Hizo ni kazi za sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayepiga akinyang'anywa kitu hana ubongo wa upande wowote, ana breki changa, na breki hizo hukomaa kwa kutumiwa, akiwa na wenzake.

Lakini atajifunzaje zamu kwenye mchezo ambao maneno yake hayamfikii?

TV kwa sauti kubwa, mafua yasiyoisha, kukoroma: umeyaandika mwishoni kama nyongeza, na kwangu ndiyo barua yenyewe. Mtoto wa umri huu mwenye mafua ya mara kwa mara, na pengine nyama za puani, hujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu yoyote. Hawi kiziwi. Ziba masikio yako kwa vidole halafu mwambie mtu aongee chumba cha pili, ndivyo anavyosikia. Mlango ukibamizwa atashtuka, ukipiga makofi atageuka, nawe utaapa kwamba anasikia. Darasani, penye watoto 30 na feni, "vua viatu, chukua daftari, kaa kwenye duara" humfikia vipande vipande. Nyumbani mnaongea naye karibu, uso kwa uso, ndiyo maana ni mchangamfu. Mwende kwa daktari wa masikio, pua na koo, mwombe apimwe usikivu na pia timpanometri, kipimo kifupi kisicho na sindano kinachoonyesha kama ngoma ya sikio inacheza. Majimaji mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo daktari akisema msubiri kisha mrudi, msidhani amewapuuza. Msimtie mafuta ya vitunguu saumu wala chochote. Wakati huo mwalimu amkalishe mbele, amtaje jina kwanza, amtazame, ndipo amwelekeze.

Masikio yakionekana mazima, hatuishii hapo. Kutakuwa na maswali ya lugha yake na namna anavyohusiana na watu, ikiwemo usonji, na hayo hupimwa na mtu anayekaa chini na mtoto akacheza naye.

Nimewahi kumpokea mtoto aliyekaa mwaka mzima na jina hilo la "wa kulia". Mwalimu wake alikuwa ameacha kumwita kwenye duara, maana alishaambiwa ndivyo alivyo. Hapo ndipo hasara ilipo, kuliko hata hizo 380,000: jina likishapatikana, watu wazima huacha kutafuta. Leo ni vidole, kesho watakuja na ile hadithi kwamba mtu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, au CD za muziki wa Mozart za kuwaongezea akili watoto wachanga, biashara iliyozaliwa na jaribio la mwaka 1993 kwa wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, ambalo faida yake ilidumu dakika 10 hadi 15. Au watawaonyesha mtoto aliyefungwa kitambaa machoni akisoma gazeti. Mkimwona huyo, ombeni gazeti lishikwe juu, usawa wa paji la uso, pasipo na upenyo wa kuchungulia pembeni mwa pua.

Baba Ilham msomee hii. Na karatasi ya timpanometri mkiipata, nitumieni. Hiyo nitaisoma.