Somo la nne lina kizuizi gani?

SWALI: Nafundisha kwa muda chuo cha jamii California, masomo matatu. Nimeomba la nne, nimekataliwa. Kwa nini?

JIBU: Sheria ndiyo inayokubana, ndugu yetu. Katika wilaya moja ya vyuo, yaani vyuo vilivyo chini ya bodi moja, mwalimu wa muda havuki asilimia 67 ya mzigo kamili, ambao kwa kawaida ni uniti 15 (kipimo cha uzito wa somo) kwa muhula. Masomo matatu ya uniti 3 ni asilimia 60. La nne lingekufikisha 80. Ndiyo maana wenzako hufundisha wilaya mbili tatu, ofisi yao ni buti la gari. Sheria ya 1988 ililenga asilimia 75 ya ufundishaji ibaki kwa walimu wa kudumu, lakini lengo halilipi mshahara. Chungulia wilaya zenye wastaafu wengi: zikishuka chini ya idadi ya walimu wa kudumu ziliyowekewa, hutozwa fedha, hivyo huwa na sababu ya kuajiri.