Kabla pampu haijaungua, andikianeni mkataba na majirani

Wacha nianze na ile Jumatano pampu yetu iliungua. Mgao wa maji ulikuwa umetupita mara 2 mfululizo, tangi la chini limebaki na yale maji ya matope ya mwisho mwisho, na keateka bila kuangalia akawasha pampu, ikanyonya hewa tupu karibu saa nzima mpaka harufu ya waya ikafika floo ya tatu. Nyumba 24 hapa Umoja, Nairobi, watoto, shosho mmoja wa dawa za kila siku, vyoo vyote vya kuflashi. Na watu wa mkokoteni walikuwa washapandisha bei ya mtungi asubuhi hiyo hiyo, hao jamaa shida wanaisikia kabla yako.

Ploti ya ng'ambo wana kisima, cha kuchimbwa na mashine, na mimi ndiye mweka hazina wa kwetu, kwa hivyo nikavuka barabara nikamwambia mzee wao tumekwama. Akaniambia, "Hakuna shida kijana wangu, leta mpira." Nilikaribia kulia. Tukaleta mpira, kumbe wetu ni wa inchi 1 na robo, bomba lao ni inchi 1, na saa hizo hadiwea zote zimefungwa. Tukazungusha blada ya baiskeli, tukakaza na waya, na bado karibu nusu ya maji yakawa yanaenda kwa mtaro huku mama wa grao anakimbia na beseni kukinga.

Hiyo haikuwa shida kubwa lakini. Shida ilikuja siku ya nne, tokeni zao za stima zilipoisha. Wao walijua tutalipa, sisi tulijua tumesaidiwa kama majirani, hakuna mtu alikuwa ametaja pesa kwa sababu kutaja pesa mtu akiwa na shida inaonekana ni tabia mbaya. Mmoja wetu akaandika kwa grupu ya WhatsApp kwamba maji ni ya Mungu, mmoja wao akajibu stima si ya Mungu, na kutoka hapo mpaka Krismasi tulikuwa tunapitana kwa geti kama watu hawajuani.

Sasa, nina binamu California anafanya kazi kwa kampuni ya maji ya mji mdogo, na nilipomhadithia hii maneno alicheka, akaniambia mji wao umetoka tu kujiunga na mtandao wa kampuni za maji za kusaidiana wakati wa dharura. Unaitwa CalWARN, ulianza 1992. Kabla ya hapo walikuwa wamepata tetemeko la 1989 la Loma Prieta, halafu 1991 moto mkubwa wa milima ya Oakland uliua watu 25. Moto huo ulikata stima ya pampu za maji, matangi yakaisha huku nyumba zinaungua. Na sikia hii: wazima moto walikuja kusaidia kutoka miji mingine, wakakuta bomba za kuzimia moto za Oakland zina mdomo wa inchi 3, na mipira yao ni ya inchi 2 na nusu! Nilipiga kelele kwa simu. Kumbe ile blada yetu ina ukoo mrefu.

Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 mitandao kama hiyo ilienea, leo karibu kila jimbo la Marekani liko nayo. Mkataba ni mmoja, kila mwanachama anatia sahihi mapema wakati hakuna shida yoyote. Ukipatwa unapiga simu, mwenzako anatuma pampu au jenereta au mafundi, na hamna haja ya kungoja serikali itangaze kwanza kwamba ni dharura. Gharama ni ya aliyeomba. Fundi aliyetumwa anabaki mfanyakazi wa aliyemtuma. Na kuna kitu kilinishangaza, kwamba unaruhusiwa kukataa. Hulazimishwi kutuma kitu, ukiwa wewe mwenyewe huna unasema huna, na hakuna wa kukununia.

Hapo ndipo nilianza kuwasumbua wazee wa ploti. Ilichukua chai nyingi, lakini tukaandika karatasi moja tu, pande mbili, ploti 3. Ushauri wangu ni muanze na pesa, hapo ndipo watu wanaogopa na hapo ndipo mtakosania. Sisi tuliandika hivi: anayepokea maji ananunua tokeni kabla pampu haijawashwa, mita inapigwa picha kabla na baada, pesa inapitia kwa namba moja ya M-Pesa, ya mweka hazina, si ya keateka. Keateka wetu akiumia akivuta mpira kwa kompaundi yao, matibabu ni juu yetu. Namba za kupiga ziwe 2 kwa kila ploti, maana ile siku mzee wao angekuwa ushago ningeongea na nani? Na ile ruhusa ya kukataa tuliiandika wazi, na nadhani ndiyo ilifanya wenye kisima wakubali, walikuwa wanaogopa tutawafanya mradi.

Kosa nililokaribia kufanya ni kuandikiana na ploti ya nyuma yetu, marafiki wakubwa, lakini laini yetu ni moja na siku ya mgao ni moja, tukikauka wamekauka. Tafuta jirani ambaye maji yake yanatoka kwingine. Hata jiji lenyewe liko hivyo, sehemu kubwa ya maji yetu inatoka Ndakaini kule Murang'a, bwawa la mita za ujazo milioni 70, likiwa na shida karibu Nairobi nzima inalia pamoja, na hapo rafiki wa laini moja atakusaidia na maombi tu. Maji ya kisima nayo yapimwe, visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, ya kuoga na choo sawa, ya watoto kunywa kila siku hapana. Na boza likija muulize dereva amejaza wapi kabla hajafungua valvu, wakati wa kipindupindu ndio usiseme.

Adapta ya inchi 1 na robo kwenda inchi 1 iko kwa msumari nyuma ya mlango wa keateka, imefungwa na utepe mwekundu ili mtu asiichukue akafanyia bafu yake. Jumamosi iliyopita tulijaribu bila shida yoyote kuwepo, kuona tu. Kutoka simu ya kwanza mpaka maji kuingia kwa tangi letu ilikuwa dakika 35, na 20 kati ya hizo tulikuwa tunatafuta ufunguo wa geti lao la nyuma. Tumechonga mwingine.