Maswali na majibu: MgO (oksidi ya magnesiamu) nyingi si moto mwingi

Lava ya Ol Doinyo Lengai hutoka na nyuzijoto 500 hadi 600 tu. Ina maana koti la dunia chini yake limepoa?

Hapana. Ile ni kabonati yenye sodiamu tele, huyeyuka kwa joto dogo kwa asili yake. Kwa kazi yetu ya kukadiria joto la koti kutokana na lava za basalti, Lengai waachieni watalii.

Basalti yangu ya Rungwe, eneo la volkeno kusini mwa Tanzania, ina MgO asilimia 19. Nimetumia T = 20.1 × MgO + 1014, nikapata 1,396. Nimeipata plumu, ile nguzo ya mwamba wa moto inayopanda kutoka kina cha koti?

Umepata rundo la olivini, madini ya kijani yenye magnesiamu tele. Fomula hiyo ilipimwa kwa vioo vya Kilauea kule Hawaii, yaani magma iliyoganda ghafla, wala si kwa jiwe zima lililosagwa. Olivini ni nzito. Huzama, hujikusanya, na kila fuwele hubeba MgO zaidi ya asilimia 40.

Jaribu hivi. Gawanya MgO kwa 40.3, FeO (oksidi ya chuma) kwa 71.85, tafuta uwiano wa ya kwanza kwa ya pili, kisha gawanya kwa 0.30, namba inayoonyesha olivini na magma hugawanaje chuma na magnesiamu. Kwa FeO ya asilimia 11 utapata 10.3, sawa na olivini ya Fo 91 (Fo ni asilimia ya magnesiamu katika jumla ya magnesiamu na chuma cha olivini). Sasa pima fuwele zenyewe. Zikisoma Fo 86, jiwe lako halijapata kuwa magma ya namna hiyo hata siku moja. Magma inayoendana na Fo 86 ina MgO karibu 11.4, na fomula ileile inatoa 1,243. Nyuzi 150 zimepotea kabla tasnifu haijaandikwa. Na hata hiyo 1,243 ni joto la lava karibu na uso, si la koti.

Tena, FeO si chuma chote. Maabara ikikupa Fe2O3 ya jumla, zidisha kwa 0.9, kisha punguza chuma kilichooksidika: karibu asilimia 15 ya chuma chote kwa basalti za matuta ya bahari (safu za milima chini ya bahari ambako sakafu mpya huzaliwa), na kwa kawaida zaidi kwa magma za alkali kama zetu.

Nikirudisha kwenye hesabu olivini iliyojitenga, ili nipate magma ya mwanzo, nianzie wapi na niishie wapi?

Anza na magma yenye MgO zaidi ya asilimia 8.5, iliyopoteza olivini peke yake. Ukiona CaO inashuka pamoja na MgO, pairoksini, madini mengine yenye kalsiamu, imeshaanza kutoka. Tafuta sampuli nyingine. Ongeza olivini kidogo kidogo, asilimia 0.1 kila hatua, na kokotoa upya Fo kila mara. Simama kwenye Fo ya juu kabisa uliyoipima katika lava hizohizo. Kujichagulia Fo 91 badala ya 90 ni kujizawadia karibu nyuzi 40. Mwisho rudishia joto lililoliwa na uyeyukaji, maana tunachotafuta ni joto la koti kama lingepanda hadi juu bila kuyeyuka.

Maji yanabadilisha hesabu kiasi gani?

Asilimia 1 ya maji hushusha joto la olivini kuganda kwa takriban nyuzi 30 hadi 40. Yapime katika matone ya kioo yaliyonaswa ndani ya fuwele.

Uwiano wa heli-3 kwa heli-4 wa Rungwe umefikia karibu mara 15 ya ule wa hewa. Si ushahidi tosha?

Ni ushahidi mzuri wa asili ya kina, kwani matuta ya bahari hukaa karibu na 8. Lakini heli si kipimajoto. Na olivini ipondwe ndani ya ombwe, isiyeyushwe: jiwe lililokaa wazi muda mrefu hutengenezewa heli-3 na miale ya anga, nayo hujificha ndani ya fuwele.

Nimepata nyuzi 50 juu ya matuta ya bahari. Niandike plumu?

Andika 50, kutoa au kujumlisha 40, kisha hakikisha matuta nayo umeyapima kwa njia ileile. Halafu pima aluminiamu katika olivini zilizofungia spineli (chembe za madini ya kromi na aluminiamu): kipimo hicho hakikudai hesabu ya chuma wala maji. Aluminiamu yenyewe ni sehemu mia chache kwa milioni, kwa hiyo mikroprobu (mashine ya kupima fuwele kwa miale ya elektroni) ipewe mkondo mkali na muda mrefu wa kuhesabu, na usipime karibu na ukingo wa spineli.