Detekta ya metali: nunua kwa udongo wako, si kwa kina kilichoandikwa kwenye boksi

Karibu kila anayetaka kununua detekta huanza na swali moja: inafika chini kiasi gani? Si swali baya, lakini ndilo linalowafanya wengi watoke dukani na mashine isiyowafaa. Detekta ya kawaida ya mtu anayetafuta sarafu na pete huikamata sarafu moja ikiwa sentimita 15 hadi 25 chini, na kwenye udongo mkorofi, wenye madini mengi, hata hizo hazifiki. Ukilipa mara nne zaidi hupati kina mara nne. Unapata sentimita chache za ziada. Pesa hiyo inanunua vitu vingine: mashine kuisikia sarafu iliyolala katikati ya misumari yenye kutu, na mashine kutulia kwenye udongo wako badala ya kupiga kelele kila hatua.

Sababu ni fizikia tu. Koili, lile bamba la mwisho wa fimbo, hutuma uga wa sumaku ardhini, metali iliyofukiwa huitikia kwa uga wake mdogo, na koili huupokea. Uga unafifia ukienda, unafifia tena ukirudi. Kitu kikishakuwa mbali kuliko upana wa koili, ukiongeza umbali maradufu mwitikio wake unashuka takriban mara 64. Hakuna fundi anayeweza kulizunguka hilo kwa programu.

Kwa hiyo ukioneshwa kifaa chenye antena zinazojizungusha juu ya mpini, eti kinanusa dhahabu iliyoko kilomita nzima, funga pochi yako. Ni ukoo uleule wa ADE 651, kijiti cha antena kilichouzwa kama kitambua mabomu wakati hakikuwa na uwezo wowote. Aliyekiuza, James McCormick, alifungwa miaka 10 nchini Uingereza mwaka 2013.

Masafa, na unachokitafuta

Detekta nyingi ni za aina ya VLF, yaani zinatuma mawimbi mfululizo ya kilohezi (kHz) chache hadi makumi kadhaa. Masafa hapa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, si umbali. Ya chini, tuseme kHz 4 hadi 8, hupenda vitu vikubwa na vinavyopitisha umeme vizuri kama sarafu za fedha na vipande vya shaba. Masafa ya juu huona vitu vidogo sana: mkufu mwembamba, chembe ya dhahabu. Ndiyo maana mashine za dhahabu huwa juu. Minelab Gold Monster 1000 hufanya kazi kwenye kHz 45 na Fisher Gold Bug 2 kwenye kHz 71. Ubaya wake ni kwamba masafa hayo huuona pia mchanga mweusi wenye madini ya chuma, na hupiga kelele kwa kila kipande cha bati. Garrett AT Pro na wenzake wa karibu kHz 15 wako katikati, na kwa mtu wa sarafu na vito hapo pazuri.

Kisha kuna mashine za masafa mengi kwa wakati mmoja, kama Minelab Equinox iliyotoka 2018, XP Deus II na Nokta Legend. Faida yake huonekana zaidi kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari. Chumvi hupitisha umeme, hivyo mashine huihesabu kama metali; madini ya chuma yaliyo kwenye mchanga nayo yana mwitikio wake. Mashine ya masafa mamoja inaweza kufuta kimoja kati ya hivyo viwili, si vyote. Ya masafa mengi hulinganisha majibu na kuvitoa vyote. Kama utatembea ufukweni mara kwa mara, hapa usibanie pesa. Kama hutafika baharini kabisa, ya masafa mamoja iliyo nzuri inatosha kwa miaka.

Kundi la tatu ni mashine za mapigo, PI. Hutuma pigo fupi la umeme, hunyamaza, kisha husikiliza jinsi mwitikio unavyofifia. Udongo mwekundu uliojaa madini ya chuma hauzisumbui sana, na kwa dhahabu iliyo chini kwenye ardhi ya namna hiyo hakuna mpinzani wake. Ila uwezo wake wa kutofautisha metali ni hafifu mno. Ukiipeleka PI kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani utachimba misumari mpaka jua lizame.

Koili ndiyo nusu ya mashine

Watu hupoteza siku nyingi wakilinganisha majina ya mashine na hawaulizi koili. Koili ya inchi 11 ya aina ya DD ndiyo ya kuanzia nayo: uga wake una umbo la ubao mwembamba unaokata ardhi kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo hutenganisha vitu vilivyokaribiana na huvumilia udongo wenye madini. Koili ya duara ndani ya duara hutafuta kwa umbo la koni. Huonesha mahali kitu kilipo kwa usahihi zaidi na huvitambua vizibo vya soda kuliko DD, lakini udongo mkorofi huiyumbisha.

Ukipata nafasi ya kununua koili ya pili, chukua ndogo, ya inchi 6 au karibu na hapo. Wengi hufanya kinyume: wananunua ya inchi 15 wakifikiria kina. Koili kubwa hukusanya vitu vinne kwa mpigo mmoja, na mashine ikisikia msumari na sarafu pamoja mara nyingi hutoa sauti ya msumari tu. Sehemu ambazo watu husema zimeshamalizwa huwa hazijamalizwa. Sarafu zimefunikwa na takataka. Kubwa iwe ya shamba wazi lisilo na taka, na bega liwe tayari, maana uzito wote uko mwisho wa fimbo.

Uzito wenyewe uujaribu kwa mkono. Detekta nyepesi kabisa hazifiki kilo moja, nyingine zinakaribia mbili. Kinachochosha zaidi ni mlingano: mashine ya kilo 1.5 yenye betri nyuma ya kiwiko huenda ikawa rahisi kuliko ya kilo 1.2 inayoinama mbele. Ishike dakika kumi nzima ukiipeleka huku na huku. Koili ikitaka kuanguka na kifundo cha mkono kikaanza kukaza, si yako.

Kuhusu maji, soma maandishi madogo. Mashine nyingi za bei ya chini zina koili inayozama, ila kasha la vitufe halizami. Mvua moja kubwa inatosha kuliua. AT Pro huzama hadi mita 3, Deus II hadi mita 20, lakini hedifoni zinazokuja ndani ya boksi la AT Pro ni za nchi kavu. Anayetaka kuingiza kichwa majini anunue za majini.

Ya mtumba, na bandia

Detekta iliyotumika ni ununuzi mzuri kwa sababu wengi huacha mchezo huu mapema. Ukienda kuiona, iwashe na itikise waya wa koili pale unapoingia kwenye koili na kwenye kasha. Ikilia bila metali mbele yake, waya umekatika ndani, na mara nyingi hiyo maana yake ni koili mpya. Fungua sehemu ya betri utafute kutu ya kijani. Kagua masikio ya plastiki yanayoshika koili kwenye fimbo. Yakiwa na ufa yatavunjika. Kisha pitisha sarafu, pete na msumari mbele ya koili, uone kama namba za kutambulisha metali kwenye skrini zinatulia. Usilitumie jaribio hilo kupima kina, maana hewani hakuna madini na mashine zote hujisifu.

Nakala bandia zipo, hasa za mashine ghali za dhahabu. Hakiki namba ya usajili kwa mtengenezaji kabla ya kulipa. Bei ikiwa theluthi ya ile ya kawaida na boksi bado halijafunguliwa, jibu unalo.

Tenga sehemu ya bajeti kwa vifaa vidogo. Pinpointa, kile kijiti cha mkononi kinachoonesha kitu kilipo ndani ya shimo, si anasa. Bila hicho utapekua udongo kwa vidole na kuikwaruza sarafu. Ongeza kisu cha kuchimbia chenye meno upande mmoja na hedifoni. Hedifoni za kawaida zisizo na waya za simu zina ucheleweshaji: sauti inafika wakati koili imeshapita. Tumia za waya, au zile zilizotengenezwa kwa mashine hiyo.

Saa ya kwanza kiwanjani

Rudisha mipangilio ya kiwandani. Simu izimwe au iwekwe mbali na koili, na kama buti zina chuma kwenye vidole vaa viatu vingine. Inua koili, bonyeza kitufe cha kuondoa kelele za umeme, subiri imalize. Halafu tafuta hatua chache za ardhi isiyo na metali, ushikilie kitufe cha kusawazisha udongo (mashine ijifunze kuupuuza) huku ukiipandisha na kuishusha koili, kutoka sentimita 2 au 3 juu ya ardhi hadi 15 hivi, mpaka sauti inyooke. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Usikivu uuweke theluthi mbili, si mwisho. Usikivu uliopandishwa mpaka mashine ikawa inaropoka haukupi kina. Unakuzuia kusikia kitu halisi kinachonong'ona chini ya kelele.

Kichujio, kinachonyamazisha metali usizozitaka, nacho usikibane. Funga chuma kidogo tu, au kiache wazi na chuma ukipe sauti nzito. Wanaoanza hupenda kufuta pia karatasi za aluminiamu na vishikio vya makopo, na hapo wanafuta pete za dhahabu, kwa sababu namba zake zinagongana. Hakuna mashine inayoweza kuvitenganisha kwa uhakika. Unataka dhahabu, utachimba vishikio.

Sasa mwendo. Koili ikae sambamba na ardhi tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuipandisha kila ikifika pembeni, kama mtu anayefyeka majani, na kila sentimita unayoipandisha ni sentimita ya kina iliyopotea. Kila mpitisho ufunike nusu ya uliotangulia. Penye taka nyingi, punguza kasi.

Mashine ikilia, usichimbe bado. Pita juu ya kitu mara kadhaa kutoka pande zote mbili, kisha zunguka nyuzi 90 upite tena. Sauti ileile na namba inayocheza nafasi moja au mbili tu: chimba. Namba ya juu inayotoweka ukizunguka huwa ni chuma bapa, pete ya kufungia mzigo au msumari uliopinda. Kwa vizibo vya soda, vuta koili taratibu kuja kwako mpaka ukingo wake tu ubaki juu ya kitu. Kizibo kikiwa na chuma, hapo hukoroma sauti ya chini.

Detekta inayolia ovyo bila sababu mara nyingi haijaharibika. Waya wa koili umelegea na unapiga kwenye fimbo: uzungushe ukaze. Mchanga umeingia kati ya koili na kifuniko chake: kivue, safisha. Kuna nyaya kubwa za umeme juu, au mwenzako mwenye mashine ya masafa yaleyale yuko hatua chache tu: badili chaneli au achaneni. Ukiishaondoa hayo yote na bado inapiga kelele, ndipo ufikirie fundi.

Kwenye majani, kata umbo la kwato ya farasi lenye upana wa kama sentimita 15 na kina cha 10, upande mmoja ukiachwa umeshikana na ardhi ili mizizi isife. Lifunue pande hilo la majani, weka udongo wa ziada juu ya kitambaa, tafuta kwa pinpointa ndani ya shimo na kwenye pande lenyewe. Kabla ya kufukia pitisha detekta tena. Vitu vya zamani hupenda kuanguka kwa mafungu. Kisha rudisha udongo wote, laza pande, ukanyage. Msumari na bati uliyotoa uondoke navyo.

Ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi, na sheria ya mambo ya kale uisome kabla ya kuwasha mashine, kwani hutofautiana sana. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya mwaka 1996, aliyepata hazina lazima airipoti ndani ya siku 14. Ireland huwezi kabisa kutafuta vitu vya kale kwa detekta bila kibali cha serikali. Ukikutana na kitu chenye umbo la ganda la bomu, hata kama kimeoza kwa kutu, usikiguse wala usikivute kidogo kukiona vizuri: weka alama pembeni, rudi ulikopitia, piga simu polisi. Kutu haipunguzi hatari ya baruti, mara nyingine huiongeza.

Sarafu unayodhani ya zamani usiisugue, hata kwa kidole na mate pale shimoni. Chembe za mchanga huikwaruza, na thamani hushuka papo hapo. Itie kwenye kifuko na udongo wake, ukifika nyumbani iloweke kwenye maji safi. Ukitoka baharini na mashine nayo ipate maji: isuuze (si kasha lisilozama) kwa maji yasiyo na chumvi, na fungua vikufuli vya fimbo, maana mchanga na chumvi vikikaukia humo hutaweza kuivuta tena.