Mnaoanza tiba ya mionzi ya ubongo, anzeni na ukingo wa uvimbe kabla ya mashine mpya

Wadogo zangu mnaoingia kwenye fizikia ya tiba ya mionzi, najua kinachowavuta wengi ni hizi mbinu za majaribio, BNCT (tiba ya boroni na nyutroni), FLASH (mionzi ya kasi kubwa sana), protoni, hata mimi ndo zilinivuta na bado nazipenda sana. Ila kabla hujazama huko ielewe kwanza glioblastoma yenyewe, saratani kali ya ubongo, manake ndo uvimbe uliowasumbua watu mpaka wakaanza kutafuta njia nyingine.

Tiba ya kawaida ni upasuaji, halafu mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa awamu 30, yaani grei 2 kwa siku, wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya kuua seli za saratani. Utaratibu huu upo tangu 2005, na kwenye ule utafiti wa Stupp na wenzake muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.6 kwa waliopata mionzi na vidonge, 12.1 kwa mionzi peke yake. Sasa kila anayeanza huuliza, si tuongeze dozi tu? Walishaongeza, maisha hayakurefuka. Kaa na daktari anapochora skani utaona kwa nini: uvimbe unaong'aa kwenye MRI unazungushiwa mstari, halafu mstari unasogezwa nje kama sentimita 1.5 mpaka 2, unaingia kwenye ubongo ambao kwa macho hauna shida yoyote, kwa sababu seli za saratani zimeshapenya humo, na uvimbe ukirudi mara nyingi unarudi hapohapo. Mashine hata iwe na shabaha kiasi gani haiwezi kulenga seli ambayo hakuna anayeiona.

Ndo maana BNCT inanigusa kuliko zote. Mgonjwa anapewa dawa yenye boroni-10, inasubiriwa ikusanyike kwenye seli za uvimbe, halafu anapigwa nyutroni za nishati ndogo. Boroni ikinasa nyutroni inapasuka, inatoa chembe ya alfa na kiini cha lithiamu, na vyote viwili vinaishia ndani ya maikromita 10, upana wa seli moja hivi, kwa hiyo seli jirani isiyo na boroni inasalimika. Mwanafizikia Locher aliliandika wazo hili 1936, miaka minne tu baada ya nyutroni kugunduliwa.

Wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwenye maabara ya Brookhaven kule Marekani kuanzia 1951, baadaye na kwenye chuo cha MIT, na mwaka 1961 majaribio yakasimama. Hapa msome taratibu kabisa. Fizikia ya msingi ilikuwa sahihi, ila dawa za wakati ule hazikuchagua uvimbe vizuri, boroni ilibaki nyingi kwenye damu, kwa hiyo nyutroni zilipokuja mishipa ya damu ya ubongo wenyewe ndo ikaumia, na zile nyutroni za nishati ndogo zilikuwa zinapungua haraka ndani ya sentimita chache tu kabla hazijafika chini. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hatanaka akaendelea Japani kuanzia 1968 na dawa nzuri zaidi, akiipiga sehemu ya uvimbe wakati fuvu limefunguliwa. Mpaka 2020 ndo Japani ikaidhinisha BNCT ya aksilereta, yaani mashine ya kuharakisha chembe ndo inatoa nyutroni, bila kinu cha nyuklia, tena kwa saratani ya kichwa na shingo, sio glioblastoma. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifia nyutroni zake muulize kwanza boroni kwenye uvimbe ni kiasi gani ukilinganisha na kwenye damu, maana usalama wa mgonjwa umelala hapo.

FLASH nayo ni kutoa dozi kwa kasi ya zaidi ya grei 40 kwa sekunde, wakati sisi kawaida tunahesabu grei kwa dakika. Panya waliopigwa grei 10 ubongo mzima kwa kasi hiyo walibaki na kumbukumbu vizuri kuliko waliopigwa polepole, kitu cha kushangaza kweli. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Lausanne, Uswisi, 2018, lakini ilikuwa limfoma (aina ya saratani) ya ngozi, grei 15 ndani ya milisekunde 90. Ngozi iko juu, ubongo uko ndani ya fuvu, elektroni za mashine zile hazifiki mbali. Na wewe mwanafizikia una kazi nyingine, chemba ya ioni, kile kifaa cha kupimia dozi unachokitegemea kila asubuhi, inakosea kwa kasi ile kwa sababu chaji zinaungana tena kabla hazijakusanywa, sasa dozi utaithibitishaje? Anayependa kupima vitu, hapo kuna kazi ya maana ya kufanya.

Kitu kingine, zoeeni kusoma majaribio ya binadamu kwa kuangalia nani alilinganishwa na nani. Wanaoingizwa kwenye majaribio mara nyingi ni vijana kidogo, wana nguvu, uvimbe umetolewa karibu wote, hao wataishi muda mrefu zaidi hata kwa tiba ya kawaida. Na ndugu wa mgonjwa atakuja na simu mkononi akuoneshe habari ya mashine mpya nje ya nchi, anataka kuuza shamba. Msikilize mpaka mwisho, usimkatishe, mpeleke kwa daktari wake, na kama atakuuliza wewe mwambie wazi kwamba hiyo bado ni majaribio na hakuna aliyethibitisha kuwa inashinda zile grei 60 anazopata mgonjwa wake.